Mlio wa Pijo la Baba Mkwe

Watu wa Kilifi wenye magari watakwambia kwamba mimi, Dzombo, ndiye fundi mwenye masikio. Sijisifu, wao ndio wanaosema. Gari likiwa bado linapanda kutoka kivukoni, mimi niko gereji nanywa chai, nimeshajua ni beringi ya gurudumu lipi iliyokufa. Mwaka huo wa themanini na sita daraja lilikuwa bado ni maneno ya serikali, kwa hiyo kila gari la kwenda Malindi lilipita mbele ya masikio yangu. Sikukosea ila mara mbili, na mara moja katika hizo mwenye gari alikuwa mwongo. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanicheka huko mbele.

Mke wangu Sidi alikuwa ameondoka. Hakuondoka kwa ugomvi. Ugomvi ningeujua, ningekaa nao chini nikaurekebisha. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaniambia, "Dzombo, nimechoka kusema," akapanda gari la kwenda Mombasa akashukia kwao Junju.

Sababu ilikuwa boriti. Juu ya kitanda chetu palikuwa na boriti iliyoliwa na mchwa. Sidi aliniambia, nikamjibu nimesikia. Akaniambia tena, nikamjibu nimesikia. Nafikiri na mara ya tatu alisema. Basi Jumanne moja saa sita mchana boriti ikaanguka, mimi niko kazini, yeye yuko kisimani. Hakuumia mtu. Kilichoharibika ni mto wangu wa kulalia tu, ulipasuka na sufi ikatapakaa chumba kizima. Nikasema Mungu ahimidiwe, boriti ni mti, kesho naweka nyingine. Na kweli kesho yake niliiweka. Sidi alisimama akautazama ule mto kwa muda mrefu, kisha akaenda kutafuta kanga ya kufungia nguo.

Wiki ya kwanza nilisema atarudi tu, ataenda wapi. Wiki ya pili nilikula mkate na soda. Wiki ya tatu nyumba ilikuwa na kimya ambacho sijapata kukisikia, na nimeshakwambia nina masikio. Nilikuwa na hamu na mke wangu, sina haja ya kuzungukazunguka. Nikawa nalala upande wake wa kitanda.

Nikavaa shati safi nikaenda Junju kuomba.

Baba mkwe wangu, mzee Mramba, alikuwa nyapara katika mashamba ya mkonge kwa miaka ishirini na saba, na ule mdomo wa kutoa amri aliuacha huko huko alipostaafu. Nyumbani husema kidogo. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kiti, tukatazama minazi. Baada ya muda akaniuliza:

"Dzombo, wewe si fundi?"

"Ndiyo, baba."

"Gari langu linalia asubuhi."

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya kubebea mizigo, aliyoinunua kwa Mtaliano mmoja wa Malindi aliyekuwa anarudi kwao. Lilibeba nazi, lilibeba mihogo, na mtu akizidiwa kijijini lilimbeba yeye. Mzee akanieleza kwamba kila alfajiri akiliwasha likiwa baridi linagonga, ta-ta-ta-ta, kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha uji. Halafu linanyamaza, na mchana kutwa huwezi kulidhania.

"Nimelipeleka kwa mafundi wawili," akasema. "Wote wameniambia halilii. Wameniona mzee."

"Pole, baba."

"Jumamosi ya wiki ijayo wazee wa kwenu na wa kwetu watakaa hapa juu ya jambo la Sidi. Wako wanaotaka ndoa hii ivunjwe yaishe. Mimi habari za boriti sizijui. Binti yangu anasema wewe husikii, na mimi nina gari linalolia. Ukilinyamazisha kabla hawajakaa, nitasimama niwaambie mkwe wangu anasikia. Likilia Jumamosi, mimi nitanyamaza, waamue wao."

"Na Sidi mwenyewe anasemaje?"

"Anasema yake ameshayasema yote."

Nikainama ili asinione ninavyotabasamu. Mlio wa gari! Ni kumwambia mpishi achemshe maji. Nikajiona nimeshamchukua mke wangu.

Ijumaa mzee akaleta gari gereji. Kutoka Junju mpaka Kilifi, na foleni ya kivuko, na kupanda kile kilima, Pijo lilifika limepata moto sawasawa, linanguruma kwa adabu. Mlio wa baridi ni sawa na mgonjwa anayepona akifika mlango wa hospitali. Mwenzangu wa gereji, Nahashon Mwaura, mtu wa Murang'a, akatia kichwa ndani ya boneti akakitoa.

"Hii gari iko sawa," akasema. "Ama ni pistoni. Ikiwa baridi inacheza, ikishika moto inajaa, inanyamaza."

"Ni tapeti," nikamwambia.

"Hata hujasikia na unasema ni tapeti?"

"Pistoni nazijua."

"Wewe Dzombo ukibisha hata Mungu anakuachia. Enda ulale huko kwa wakwe, usikize asubuhi."

"Nilale wapi?"

Mwaura akacheka mpaka akashika bampa. Amekaa nasi miaka minane, anajua. Mwanamume ambaye mkewe amerudi kwao hawezi kwenda kulala kwa wakwe. Tena kuna mama mkwe. Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, wala hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Jina lake silitaji hapa, wala si kwa kusahau. Ni heshima, na mimi heshima ninayo.

Basi nikahamia kwa binamu yangu Kaingu, Vipingo, nikaazima baiskeli yake. Jumatatu nikatoka gizani, nikafika Junju watu wanafungua milango. Nikakuta Pijo linanguruma, kimya, moto. Mzee Mramba amesimama kando yake amevaa shati la Jumapili.

"Nimekupashia moto, mwanangu," akasema. "Usije ukangoja."

Haya, ungekuwa wewe ungesema nini? Mtu mzima ameamka kabla ya jogoo kukufanyia hisani. Nikasema ahsante, baba. Nikanywa chai na mahamri, nikasikiliza injini isiyo na ugonjwa wowote, nikaendesha baiskeli nikarudi, upepo unanipiga kifuani njia nzima. Nilitukana vitu vingi siku hiyo, lakini mzee sikumtukana.

Kabla ya kuondoka nilimwambia kuna mwiko katika ufundi, kwamba gari linalotibiwa haliguswi na mwenyewe mpaka fundi afike. Mwiko huo niliutunga pale pale nikifunga kamba ya kiatu. Mzee hakuuliza hata swali. Miko anaiheshimu.

Jumanne nikalikuta Pijo limelala, boneti lina umande. Hapo yafaa nikueleze linapolala. Ubavu wake mmoja uliegeshwa karibu kabisa na ukuta wa jiko la mama mkwe. Mzee aliliweka pale makusudi, kwa kuwa wezi wa Junju wanamwogopa yule mama kuliko mbwa. Na katikati ya gari na jiko, pale penye upenyo, ndipo mama mkwe alipokaa kila alfajiri juu ya mbuzi yake akikuna nazi. Upande ule ulikuwa wake. Mimi nikabaki upande wa pili, nimempa mgongo nusu, kama inavyotakiwa.

Mzee akawasha. Ta-ta-ta-ta-ta! Nikafurahi kama mtu aliyeona barua yake. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya kifuniko cha injini, mpini sikioni. Ndivyo tunavyofanya, chuma kinakuletea sauti. Ikagonga kavu, nyepesi, ya juu juu. Pistoni gani! Hiyo ilikuwa tapeti, hata mtoto wa fundi angejua. Kikombe cha uji hakikwisha, mlio ukafifia, ukakoma.

Nikazima, nikafungua kifuniko, nikaanza kupima tapeti, vile vyuma vidogo vinavyocheza juu ya injini, moja moja. Hapo Sidi akaja na kopo la maji. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu aondoke. Alikuwa amenawiri, jambo lililoniuma. Nikanywa, jicho langu liko kwenye tapeti ya tatu, maana ukipoteza hesabu pale unaanza upya. Akasema kitu juu ya ukuta wa jiko. Nikamwambia nimesikia. Akasimama kidogo, akachukua kopo lake akaenda.

Nilipomaliza nikaliwasha, kimya. Likiwa moto lingeacha vipi kunyamaza? Lakini furaha hupofusha. Nikamwambia mzee, "Limekwisha hilo, baba," nikapanda baiskeli naimba.

Jumatano alfajiri. Ta-ta-ta-ta-ta.

Mzee Mramba alinitazama tu kupitia dirisha la gari, akageuka akatazama minazi. Nyuma ya gari mbuzi ya nazi ikasimama, nikasikia sauti ya mama mkwe. Hakuwa akisema nami, hawezi. Alikuwa na kuku wake mmoja kishingo, asiyetoka miguuni pake, ndiye aliyekuwa akizungumza naye.

"Kuku wewe," akasema, "waone wanaume. Wanapasua gari tumbo, na kinachowasumbua kiko mbavuni."

Ebo! Fundi wa miaka kumi na mitano nifundishwe kazi na kuku asiye na manyoya shingoni? Damu ikanipanda. Tena kumjibu ningekuwa nimevunja adabu. Nikajifanya sikusikia, na hilo, kusema kweli, ni jambo nililozoea.

Siku hiyo nikafungua mbele ya injini, nikatoa cheni ya taimingi. Cheni ilikuwa nzima. Nikaibadilisha hata hivyo, kwa hasira, kazi ya kutwa nzima, jua linanichoma utosi. Sidi alipita mara mbili. Hakuleta maji. Mara ya pili alitembea polepole, nikadhani atasimama, akapita.

Alhamisi. Ta-ta-ta-ta-ta.

Nikafunga boneti. Mzee akaenda kuwatazama mbuzi wake zizini, si kwamba walikuwa na shida, ni kwamba hakutaka kuuona uso wangu. Huyo ndiye mkwe niliyekuwa karibu kumpoteza. Nikakaa chini kwenye mchanga, mgongo umeegemea gurudumu. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa gari. Niliwaona wazee wamekaa Jumamosi, Pijo linagonga, mzee Mramba amenyamaza alivyoahidi, na mimi narudi Kilifi kwenye kile kimya. Nikajua kwamba sina jingine la kufungua. Ningeweza kutoa injini nzima nikaimwaga uani, na asubuhi ingelia vile vile.

Upande wa pili wa gari nazi ikawa inakunwa. Kisha ikasimama.

"Kuku wewe," ile sauti ikasema, "sikio la kufa halisikii dawa."

Sikugeuka. Nilitazama mbele yangu, kwenye tundu la kuku, nikasema:

"Kuku, shikamoo."

Kimya. Hata majirani nafikiri walinyamaza. Mpaka leo nauliza kama mila inamkataza mtu kumwamkia kuku wa mama mkwe wake, na wazee hawajaafikiana.

"Kuku," ile sauti ikasema, "mwitikie mgeni wako. Mwambie marahaba."

"Kuku, mimi nimeshindwa. Naomba unieleze unachokiona ukiwa upande wako."

"Kuku, mwambie kwamba gari hili likiamka moshi wake wa kwanza hautoki mkiani. Unatoka mbavuni, huku kwangu, unapiga ukuta, pu-pu-pu, sawa na ile kelele. Mwambie ukuta huu niliupaka chokaa kabla ya mvua kwa mikono yangu, na sasa una doa. Mwambie uji wa nyumba hii unanuka moshi wa gari, na watu wanakunywa kwa adabu tu."

"Kuku, na gari likishapata moto?"

"Kuku, mwambie moshi unahamia mkiani na kelele inakwisha. Vyote pamoja. Wewe kuku umeliona hilo miezi miwili, nawe huna gereji."

Niliimeza hiyo. Nikasema, "Kuku, naomba mwenye jiko anisaidie nipite nilione doa."

"Kuku, mwambie mwenye jiko anakwenda kuteka maji."

Nikamsikia akiinuka na kwenda zake. Pipa la maji lilikuwa limejaa mpaka juu.

Nikazunguka. Lo! Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani, masizi matupu, limeelekeana na injini. Siku tatu nilikuwa hatua nne kutoka kwenye doa lile. Nikaazima kioo cha mzee cha kunyolea, nikakiingiza chini ya manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Chini kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Chuma kikiwa baridi ufa uko wazi, moshi unaruka nje kwa kishindo, ta-ta-ta. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajifunga, gari linanyamaza. Tapeti hazikuwa na kosa. Cheni haikuwa na kosa. Nikaiomba radhi cheni kimoyomoyo.

Mchana huo huo nikaenda Malindi. Yuko mama mmoja huko, Easter, anauza vyuma chakavu, na nyuma ya uzio wake palikuwa na Pijo la aina ile ile lililogonga mti. Aliniuliza maswali kuliko polisi, lakini manifoldi alinipa, nzima. Ijumaa nikaifunga Junju, na gasketi mpya. Sikuliwasha. Sikusema limekwisha. Nilinawa mikono nikaondoka.

Jumamosi wazee walifika mapema, wa kwetu watano na wa kwao sita, wakakaa kwenye mikeka chini ya paa la mbele. Sidi alikaa mlangoni. Mama mkwe alikuwa jikoni, na kuku alikuwa naye. Mzee Mramba hakuhutubia. Alichukua kikombe chake cha uji, akapanda Pijo, akaacha mlango wazi, akawasha.

Injini ikaitika mara moja. Ilinguruma tu, nene, laini, bila kugonga. Mzee akapiga funda la kwanza la uji. Wazee wote walikuwa wakimtazama akinywa. Akanywa polepole, akipuliza, hakuruka hata funda moja, mpaka kikombe kikawa kitupu, akakipindua ili watu waone. Akazima gari.

"Mkwe wangu anasikia," akasema. Kisha akanusa kile kikombe. "Na uji umekuwa uji."

Wazee wakakohoa kwa kuridhika. Wali ulikuwa unanukia, na hakuna mzee anayependa kuvunja ndoa mbele ya wali. Mmoja wa kwetu, Mwambire, akasema sasa aulizwe binti mwenyewe.

Sidi akainuka mlangoni akaja mpaka karibu yangu.

"Nani alikuonyesha?" akaniuliza.

Sikuwa na sababu ya kuficha. "Kuku," nikasema. Wazee wakacheka, hata mzee Mramba midomo ilimcheza. Mimi nami nikacheka.

Sidi hakucheka. "Na mimi, Jumanne, nilipokuletea maji, nilikwambia nini?"

Nikafungua kinywa. Lile neno langu lilikuwa tayari ulimini, nikalirudisha. "Ulisema kitu juu ya ukuta," nikasema.

"Nilisema nini juu ya ukuta?"

Nikageuza shingo nikautazama ukuta wa jiko.

"Nilikwambia, Dzombo, tazama ukuta wa jiko pale chini, moshi wa alfajiri unatokea huku. Ukasema umesikia. Halafu ukalifungua gari la baba siku mbili." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Na boriti nilikwambia mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara ya pili nilisema nini?"

Mikekani hakuna aliyekohoa. Jikoni nazi iliacha kukunwa. Nikaitafuta ile mara ya pili kichwani mwangu. Nikaona kitanda, nikaona taa, nikamwona Sidi amekaa anaongea, midomo inakwenda, na sauti hakuna. Nilitafuta kweli, haki ya Mungu, nilitafuta kuliko nilivyoutafuta ule ufa.

"Sijui, Sidi," nikasema. "Sikusikia."

Tangu nizaliwe sijapata kulitamka neno hilo, wala kwa mwalimu, wala kwa mama yangu. Lilitoka mbele ya wazee kumi na mmoja. Mzee Mramba aliangalia kikombe chake, yeye aliyekwisha kunitolea ushahidi. Sidi akageuka akaingia ndani. Basi, nikasema moyoni, imekwisha. Nikaanza kukusanya spana zangu, maana mikono ilihitaji kazi.

Akatoka na lile furushi lake la kanga. Akapita mbele ya wazee, akainama kidogo kwa heshima, akafungua mlango wa Pijo akakaa.

"Baba," akasema kupitia dirishani, "tuazime gari mpaka Kilifi. Huyu atalirudisha jioni."

Wazee hawakuwa na la kuamua tena, wakaletewa wali.

Mpaka tunatokea barabara kuu Sidi alikuwa kimya. Mashamba ya mkonge yalipoanza ndipo akasema. Akaanza mbali. Kulikuwa na mlango wa choo, kulikuwa na dada yake Kahonzi aliyeugua mwaka juzi, kulikuwa na siku moja ya Krismasi. Sikujua hata moja. Nilitaka kujitetea mara kama tisa, nikauma ulimi. Mara ya kwanza ya boriti ilikuwa fupi, alisema tu kwamba kuna unga wa mchwa unaanguka kwenye shuka. Tulikuwa tumefika kivukoni, kwenye foleni. Nikazima injini.

"Mara ya pili," akasema, "nilikwambia boriti imeinama upande wako. Nikakwambia tubadilishane, mimi nilale huko, kwa kuwa usingizi wangu ni mwepesi, ikianza kulia nitaamka. Wewe huamki, Dzombo, hata mvua ikupige. Ukasema umesikia, ukageukia ukutani."

"Halafu?"

"Halafu nikawa silali. Wiki tano. Nilikuwa nakaa usiku naisikiliza isije ikakuangukia, na mchana nikipata nafasi nalala kidogo. Jumanne ile nilikwenda kisimani ili nikirudi nilale. Nikakuta iko juu ya mto wako."

Niliuona ule mto, na sufi iliyotapakaa, na yeye amesimama anautazama. Mimi nilikuwa nimesema boriti ni mti. Sikuweza kumtazama. Nilishika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa.

Kivuko kikafika, foleni ikaanza kusogea. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, kisha na basi likapiga.

"Washa gari," Sidi akasema. "Tunawazuia watu."

"Wangoje," nikamwambia. "Sema na ya tatu."